Lenzi ya milimita 300 kwa wanyama wa Saadani: inatosha, au nitafute ndefu zaidi?

Mwalimu wa Pangani

Nawasalimu nyote mnaoshughulika na upigaji picha. Ninafundisha shule ya msingi katika wilaya ya Pangani, mahali ambapo mtoto husikia habari za tembo walioingia shambani kabla hajajua kuandika jina lake, lakini picha za wanyama zilizobandikwa darasani mwetu ni za dubu na chui milia, ambao hawapatikani porini popote katika nchi hii. Ninakusudia kuziondoa na kuweka mahali pake picha za wanyama wa Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo mipaka yake haiko mbali nasi. Nataka kila picha ichapishwe kwa ukubwa wa karatasi ya A3, ili hata mwanafunzi aliyeketi nyuma aone pembe za kongoni zilivyopinda na masikio ya kuro yalivyo.

Kamera niliyo nayo ni ya sensa (sehemu ya ndani inayopokea mwanga) ndogo, ile inayofanya urefu wa lenzi uonekane kama umezidishwa kwa 1.5, na ina megapikseli 24. Lenzi yangu ni ya milimita 70 hadi 300, na ikivutwa mpaka mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba hiyo ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Nilipoingia nayo hifadhini niliwapata kuro, kongoni na twiga, lakini picha nyingi hazikutulia. Baadhi zina mawimbi kana kwamba mnyama yuko nyuma ya mvuke, baadhi zina mtikisiko, na katika nyingine vijiti vya mgunga vilivyo mbele vinaonekana vizuri kabisa ilhali mnyama mwenyewe amefifia. Jamaa mmoja mwenye uzoefu ameniambia kwamba tatizo ni ufupi wa lenzi, na kwamba nikipata ya milimita 150 hadi 600, hata iliyokwisha kutumika, matatizo yote yatakwisha. Bei yake ni mishahara yangu ya miezi kadhaa. Kabla sijaanza kujinyima, ninaomba kujua kama ni kweli urefu wa lenzi ndio dawa, au kuna jambo la kushughulikia kwanza kwa kifaa hiki hiki.

Raskazone

Mwalimu, nakupongeza kwa nia hiyo, na jibu langu ni kwamba usinunue kwanza. Matatizo matatu uliyoyaeleza yana sababu tatu tofauti. Lenzi ndefu haitibu hata moja kati ya hayo, na mawili itayazidisha.

Nianze na mvuke, kwa sababu ndio unaowasumbua wengi hapa pwani bila wao kuujua. Jua likishapanda, ardhi hupata moto na kulipasha tabaka la hewa lililo juu yake, na hewa ya moto hupinda mwanga tofauti na hewa ya baridi. Mwanga unaotoka kwa mnyama hulazimika kupita katika mchanganyiko huo, na kadiri njia inavyokuwa ndefu ndivyo unavyofika kwenye kamera ukiwa umevurugika zaidi. Lenzi ya milimita 600 itamkuza mnyama, na itayakuza mawimbi yale yale kwa kiwango kile kile. Hakuna lenzi, iwe ya bei gani, inayoweza kurudisha unyoya au mstari ambao hewa imekwisha kuufuta. Saadani ina mbuga za wazi zenye udongo mweusi na mabwawa ya chumvi karibu na ufuko, na sehemu hizo hupata moto upesi. Jua letu nalo halikawii: likichomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, ifikapo saa mbili na nusu limekwisha kupanda karibu nyuzi 30. Kwa hiyo mnyama wa mbali mtafute alfajiri inapopambazuka, au siku ya mawingu, au mara baada ya mvua kuipoza ardhi. Mchana jishughulishe na wale walio karibu tu, maana mnyama aliye mita 15 unaweza kumpata akiwa safi hata saa sita.

Kuna jambo dogo ambalo watu hulisahau. Ukipiga picha kupitia dirisha la gari ambalo kiyoyozi chake kinafanya kazi, hewa baridi ya ndani hukutana na hewa ya moto ya nje mbele ya lenzi yako, na mawimbi yale yale hutokea sentimita chache kutoka kwenye kioo. Zima kiyoyozi na ufungue madirisha muda mrefu kabla ya kufika penye wanyama. Vilevile usielekeze kamera juu ya boneti.

Sasa mtikisiko. Kanuni ya zamani ni kwamba kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, isipungue sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa lenzi, na kwa sensa yako unahesabu 300 mara 1.5, yaani 450, hivyo usishuke chini ya 1/500 ya sekunde. Kitulizi cha ndani ya lenzi kitakusaidia dhidi ya mikono yako, lakini hakiwezi kumtuliza mnyama. Kuro anayetafuna na kutikisa masikio anahitaji 1/500 hata kama kamera imekaa juu ya jiwe, na kongoni anayekimbia anahitaji 1/1600 au zaidi. Mwanga wa alfajiri ukiwa mdogo, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka 1600 au 3200 bila hofu. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa hupungua kwa programu, na zikichapishwa huonekana kidogo kuliko zinavyoonekana kwenye skrini, ilhali picha iliyotikisika haina tiba. Shona mfuko wa turubai, ujaze maharage au mchele, uulaze kwenye ukingo wa dirisha na lenzi juu yake, kisha umwombe dereva azime injini. Ndani ya gari, mfuko huo utakufaa kuliko tripodi.

Kuhusu A3, fanya hesabu hii kabla ya kufikiria dukani. Karatasi hiyo ina upana wa milimita 420, yaani inchi 16.5, na kwa picha ya ukutani nukta 200 kwa inchi zinatosha kabisa. Hizo ni pikseli 3,300 hivi kwa upana. Kamera yako ya megapikseli 24 hutoa picha yenye upana wa pikseli 6,000. Maana yake unaweza kukata picha na kubakiza kidogo zaidi ya nusu ya upana wake, na bado ukapata A3 nzuri, na kwa kukata huko lenzi yako ya 300 inakupa mwonekano ambao ungeupata kwa lenzi ya milimita 540 kwenye kamera hiyo hiyo. Sharti ni moja tu, kwamba picha unayoikata iwe imetulia. Ndiyo maana nasema anza na utulivu.

Kaole

Assalaam aleikum. Mimi niko Bagamoyo na kazi yangu ni kuongoza wageni, kwa hiyo nitazungumzia yale ninayoyaona nikiwa kwenye usukani, nikiwaachia wengine hesabu za vioo.

Wanyama wa Saadani hawajazoea magari kama wale wa Ngorongoro au wa katikati ya Serengeti. Tena eneo la Mkwaja, ambalo wewe Mwalimu unapakana nalo, zamani lilikuwa ranchi ya ng'ombe, na sehemu kubwa imeota vichaka vya migunga ambavyo mnyama akipiga hatua tatu tu amekwisha kutoweka. Ukimwendea moja kwa moja atageuka, na utabaki na picha ya mgongo. Njia inayofaa ni kusimamisha gari ukiwa bado mbali, kuzima injini, na kukaa kimya mpaka wanyama wainamishe vichwa na kuendelea kula. Hapo unawasha na kusogea kidogo kwa kufuata barabara, si kwa kuelekea kwao, kisha unasimama tena. Kundi la tohe au kuro ambalo lingekimbia ukiwa mita 80 linaweza kukuruhusu ufike mita 30 kwa utaratibu huu, na mita hizo 50 ulizozipata zina thamani kuliko lenzi yoyote. Muda unaohitajika ni mrefu, na wageni wengi hawana subira hiyo. Wewe unayeishi jirani unaweza kuwa nayo.

Usiondoke barabarani na usishuke kwenye gari isipokuwa mahali paliporuhusiwa; usiwapigie wanyama kelele wala miluzi ili wakutazame. Sisemi hivi kwa sababu ya faini tu. Kuro akiinua kichwa, akakaza shingo na kuacha kutafuna, amekwisha kukwambia kwamba umefika mpaka wake, na kila mnyama anayefukuzwa na gari leo atakuwa mwoga zaidi kwa anayekuja kesho. Tembo akikukabili akiwa ametandaza masikio na kuinua kichwa, rudi nyuma polepole, picha haina umuhimu tena. Kwa mama mwenye mtoto mimi huacha nafasi kubwa tangu mwanzo.

Jambo la pili ni upande wa jua. Bahari yetu iko mashariki. Asubuhi, ukiwa kwenye barabara iliyo karibu na ufuko na mnyama akiwa upande wa bara, jua liko mgongoni mwako na linamwangaza usoni, nawe unaona rangi na manyoya yake yote. Mnyama huyo huyo akiwa kati yako na bahari, utapata umbo jeusi mbele ya maji yanayong'aa. Ni picha ya kupendeza, lakini kwa mtoto anayetaka kujua twiga ana madoa ya namna gani haisaidii. Jioni mambo hugeuka. Kwa hiyo panga mzunguko wako hivyo, asubuhi upite upande wa ufuko ukitazama bara, na alasiri upite ndani ukitazama baharini.

Na kama utabahatika kufika ufuko wa Madete wakati kasa wanapotaga, weka lenzi ndefu mkobani na usitumie taa ya kamera hata mara moja. Mwanga humfanya mama arudi majini bila kutaga, na watoto wanaoanguliwa huufuata wakidhani ni bahari.

Mto Wami

Ninaheshimu maelezo ya Ndugu Raskazone na ya Ndugu Kaole, na kwa wanyama wakubwa sina la kupinga. Lakini naona suala limefungwa mapema, kwa sababu Saadani si kuro na twiga peke yao. Watu wanakwenda Mto Wami kwa boti, na kando ya mto huo kuna ndege ambao mtoto wa Pangani anapaswa kuwajua kwa majina: furukombe, mdiria, korongo wa kila aina, na karibu na mabwawa ya chumvi wapo heroe. Kwa hao hesabu inabadilika.

Chukueni mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe, ambaye urefu wake ni sentimita 25 hivi, akiwa ametua kwenye tawi mita 20 kutoka kwenye boti. Kwa lenzi ya milimita 300 na sensa ya Mwalimu, upana wa eneo linaloingia pichani kwa umbali huo ni zaidi kidogo ya mita moja na nusu. Ndege anachukua moja ya sita ya upana, yaani pikseli chini ya 1,000. Hata ukikata picha kwa kiwango alichokieleza Ndugu Raskazone, kwenye A3 atakuwa chini ya theluthi ya upana wa karatasi, na macho yake yatakuwa nukta. Kwa milimita 600 anaongezeka maradufu, na hapo unaweza kuonyesha mdomo na manyoya. Utaratibu wa kusogea polepole nao haufiki mbali hapa, kwa sababu mdiria akiruka amekwenda.

Kwa hiyo ushauri wangu si kununua, bali ni kukodi au kuazima lenzi ndefu kwa safari ya mtoni peke yake. Fahamu kwamba zile za 150 hadi 600 zina uzito wa karibu kilo 2, na ikivutwa mpaka mwisho tundu lake ni f/6.3, ambalo ni dogo kuliko lako la sasa. Botini usiweke tripodi. Sakafu inatetemeka kwa injini, na miguu ya tripodi hupeleka mtetemo huo moja kwa moja kwenye kamera. Shika kwa mikono, viwiko vikiwa vimebana mbavu, kasi isiwe chini ya 1/1000, na kwa ndege anayeruka iwe 1/2000. Usishawishike na kizidishi kinachowekwa kati ya lenzi na kamera. Kile cha 1.4 hugeuza f/5.6 yako kuwa f/8, cha 2 huigeuza kuwa f/11, na kwa lenzi kama hiyo fokasi, yaani ulengaji wa kamera unaomfanya mnyama aonekane wazi, huanza kutangatanga huku ubora ukishuka.

Mbega wa msitu wa Zaraninge nimewaacha makusudi. Kule chini ya miti giza ni zito, na kinachohitajika ni lenzi yenye tundu kubwa kuliko lenzi ndefu. Wasubiri watokeze pembeni mwa msitu asubuhi, wakiota jua.

Raskazone

Ndugu Mto Wami, kwa ndege nakubaliana nawe bila masharti, na wazo la kukodi ni zuri. Nilimjibu Mwalimu kwa wanyama aliowataja.

Fundi wa Chumbageni

Hakuna aliyetaja chumvi na unyevu, nami kazini kwangu ninaletewa lenzi zilizoharibiwa na vitu hivyo kuliko zilizoanguka.

Ukirudi kutoka ufukoni, puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo upanguse mwili wa lenzi kwa kitambaa kilicholowa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Ukianza kupangusa kabla ya kupuliza, mchanga utakikwaruza kioo. Usibadilishe lenzi upepo wa kusi unapovuma ufukoni. Lenzi inayovutwa kwa kurefuka hunyonya hewa kila inaporefushwa, na hewa hiyo huingia na kila kilichomo.

Kuvu humea ndani ya lenzi zinazofungiwa kwenye mikoba ya kitambaa kwa miezi. Nunua sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani silika geli ile inayobadili rangi inapolowa pamoja na kipima unyevu kidogo, na uhakikishe unyevu unakaa kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwa moto mdogo na uirudishe. Mchele hauwezi kazi hiyo. Na ukilala katika chumba chenye kiyoyozi, usiitoe kamera alfajiri na kuipeleka nje hapo hapo, kwa sababu kioo baridi kikikutana na hewa yetu kitapata ukungu mara moja, tena wakati ule ule wa mwanga mzuri. Iache ndani ya mkoba uliofungwa, nje ya chumba, kwa nusu saa au zaidi.

Kichujio cha bei rahisi kilichofungwa mbele ya lenzi ndefu hupunguza ukali wa picha. Kifunge ufukoni kwa ajili ya chumvi, na ukiingia bara kiondoe.

Mwalimu wa Pangani

Ninawashukuru sana. Nimekwenda kuangalia picha zangu upya, na kweli zote zenye mawimbi zilipigwa baada ya saa nne, wanyama wakiwa mbali. Lenzi mpya nimeiweka kando, na safari ya mtoni nitaipanga kwa lenzi ya kukodi. Lililobaki ni vile vijiti vya migunga. Kamera inavishika yenyewe kila mara, nami sijui niizuieje.

Raskazone

Mwalimu, kamera ikiachiwa kuchagua yenyewe, mara nyingi hushika kitu kilicho karibu zaidi chenye mistari iliyo wazi, na kijiti kina sifa hizo zote. Iondoe kwenye uchaguzi wa eneo zima, uiweke kwenye nukta moja ya fokasi, ile ya katikati ambayo katika kamera nyingi ndiyo yenye nguvu zaidi, na uilenge kwenye jicho. Kama jicho limefunikwa, lenga shingo palipo wazi. Tumia fokasi endelevu, inayoendelea kumfuata mnyama akitembea. Pale kichaka kinapokuwa kizito, zungusha fokasi kwa mkono mpaka umfikie mnyama kwa makadirio, kisha uiache kamera imalizie, kwa kuwa ikianzia karibu naye haitarukia kijiti kilicho mbele.

Acha tundu wazi kwenye f/5.6. Kijiti kilicho mita chache mbele ya lenzi kitayeyuka na kuwa kivuli chepesi, lakini kile kinachomgusa mnyama kitabaki, na kwa hicho mwombe dereva asogeze gari hata nusu mita. Mara nyingi nusu mita inatosha kumfungulia uso. Usisahau pia kwamba nyati mweusi akijaza picha, kamera itadhani ni giza na kumwangaza kupita kiasi, kwa hivyo punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua (hatua moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu). Na kwa yangeyange mweupe itafanya kinyume, basi ongeza kwa kiasi hicho hicho, ukiangalia manyoya yake yasiungue, yaani yasigeuke weupe mtupu.

Mambo haya usiyajaribie hifadhini kwa mara ya kwanza, maana kuingia kuna gharama. Kaa ufukoni hapo Pangani wakati wa jioni na uwafuate kunguru wanaporuka, na ngalawa zinapopita nyuma ya matawi ya mikoko. Ukiweza kumshika kunguru akiwa angani na nahodha akiwa nyuma ya matawi kwa nukta hiyo moja, kongoni aliye nyuma ya mgunga hatakushinda.